Jina Langu Kwenye Daftari la Mgiriki

Babu yangu alikata mkonge miaka mingi katika shamba la Mgiriki mmoja, upande wa Muheza, na kila Idi tulipokusanyika alirudia onyo lile lile: "Mjukuu wangu, jina lako lisiingie kwenye daftari la mtu." Tulimwitikia "naam, babu" huku macho yetu yako kwenye sinia la pilau. Onyo lile lilinirudia nikiwa mtu mzima, ugenini, nimekaa katika mgahawa mdogo wa familia huko Nikaia, Ugiriki, jirani na bandari ya Piraeus, siku mama mwenye mgahawa alipovuta daftari lake la madeni akataka kuniandika.

Kwanza niseme babu aliogopa nini, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Mkonge wa Tanga ulikuwa na kitu kiitwacho kipande. Ni kadi. Kila siku uliyomaliza ngwe yako, mnyapara alitia alama kwenye kadi, na alama zilipotimia 30 ndipo ulipostahili mshahara. Siku uliyougua haikuwa siku. Katikati ya kusubiri alama zitimie, watoto wanataka kula, kwa hiyo babu alikopa unga, chumvi na mafuta ya taa dukani, na siku ya malipo daftari la duka lilitangulia mezani kabla ya fedha. Babu hakujua kusoma. Aliambiwa tu jumla. Mwaka 1964 nchi yetu ilivuna zaidi ya tani 200,000 za mkonge, na vitabu vya shule vilituambia hiyo ilikuwa dhahabu ya kijani. Nyumbani kwetu hatukuwahi kusikia jina hilo likitamkwa na aliyeukata.

Wagiriki walikuwa wengi katika mashamba yale. Walianza kuja enzi za Wajerumani, wengine kwa kazi za reli, wakaingia kwenye mkonge huku kwetu na kwenye kahawa kule Kilimanjaro. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 mashamba mengi yalitaifishwa na wengi wao wakaondoka. Mimi nilikuta mabaki tu, jengo la korona lililokuwa na mashine ya kuchambua nyuzi, limeota magugu, na neno "Mgiriki" likitumiwa na wazee kumaanisha mtu mkali wa hesabu.

Basi na mimi nikaenda kwa Wagiriki. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, na mwaka 2013 riziki ilinifikisha Perama, kwenye karakana za kutengenezea meli magharibi ya Piraeus. Wakati ule nchi yenyewe ilikuwa hoi kwa madeni, kazi za meli zimepungua, na sisi wageni tulikuwa watu wa kibarua: leo umeitwa, kesho hukuitwa. Nilipanga chumba Nikaia, mahali ambapo wazee bado wanapaita Kokkinia.

Kilichoniingiza kwenye mgahawa ule ni harufu. Nilikuwa natembea kurudi chumbani, mtaa umejaa harufu ya mafuta ya zeituni na mkaa kama mitaa mingine yote, na ghafla nikasikia bizari nyembamba, ile ambayo Wazanzibari huiita uzile. Nilisimama. Miezi minne sikuwa nimeinusa. Nikaifuata hadi kwenye mlango wenye meza sita ndani na nyingine chache nje chini ya mforsadi. Meza zimetandikwa karatasi iliyobanwa kwa vibanio isipeperuke, na viti ni vya mbao na makalio ya kusukwa kwa majani makavu. Baba alikuwa anawasha mkaa. Kijana wao alikuwa anapanga uma. Mama alikuwa jikoni, na kwenye mlango wa jiko alikaa bibi kizee aliyevaa nguo nyeusi toka juu hadi chini, bakuli la maharage mabichi mapajani.

Usiku ule nilikosea karibu kila kitu.

Nilifika saa moja jioni, muda ambao Mgiriki bado yuko kwenye kahawa yake ya jioni. Hapo chakula cha usiku huanza saa tatu, tena huko kwenda mbele. Nikaagiza sahani moja, yangu peke yangu, nikala haraka kama mtu wa mapumziko ya kazini, nikasubiri hesabu. Hesabu haikuja. Nusu saa ikapita, saa nzima, meza zikaanza kujaa, kijana ananipita na kunitabasamia lakini haleti karatasi. Nikajiambia ni rangi yangu, wameshanikinai. Moyo ulikuwa umeshachafuka nilipomwita na kuomba kulipa. Baadaye sana ndipo nilipoelewa kwamba kwao kumpelekea mgeni hesabu hajaiomba ni sawa na kumwambia ondoka. Walikuwa wananistahi, nami nilikuwa nawahukumu.

Nilipoomba hesabu, kijana alikuja na kisahani cha tikiti na vipande viwili vya halua ya semolina. Nikamwambia sikuagiza. Akasema neno moja, "kerasma," akaenda zake. Nikadhani ni mbinu ya kuniongezea bei. Nikala, nikalipa yaliyoandikwa, nikaacha yuro mbili chini ya kisahani kufidia ile halua, nikatoka. Sikufika kona. Kijana alinikimbilia, akanirudishia yuro zangu mkononi, na nilipogeuka nilimwona mama amesimama mlangoni, mikono kiunoni, uso umekasirika kweli.

Kerasma ni kile ambacho mwenye nyumba anakukirimu. Hakina bei, na ukikilipia umemtukana. Mtu wa pwani niliyelelewa nikiambiwa usikatae maji ya mtu nilipaswa kulijua hilo bila kufundishwa. Lakini ugeni humfanya mtu aone kila mkono ulionyooshwa unataka kitu.

Nilirudi wiki iliyofuata kwa aibu, saa tatu usiku safari hii. Mama hakusema lolote. Alinipungia mkono niingie jikoni, akafunua vifuniko vya sufuria kimoja baada ya kingine. Hivi ndivyo migahawa ya kifamilia ya namna hii inavyofanya: orodha ya vyakula ipo, lakini usiisome, uliza kilichopikwa leo. Palikuwa na maharage meupe ya mchuzi wa nyanya na figili majani, nyanya na pilipili hoho zilizojazwa wali, dengu, mboga za porini zilizochemshwa, na kwenye sufuria ya mwisho kitu nilichokijua tangu tumboni mwa mama yangu.

"Bamia!" nikasema.

"Bamies!" akasema yeye, akacheka kwa mara ya kwanza.

Kuanzia hapo ikawa mchezo wetu. Mimi nataja, yeye anataja. Pilau, wao pilafi. Halua, wao halvas. Chai, wao tsai. Maneno haya yalitufikia kwa Waarabu na Waajemi, wao yaliwafikia kwa Waturuki, sasa yanakutana kwenye jiko moja Nikaia. Kwa Kigiriki changu kibovu cha karakana, ambacho nusu yake ni majina ya vyuma na nusu matusi, maneno ya chakula ndiyo yaliyokuwa sentensi zangu za kwanza za heshima.

Hata hivyo zile bamia tuligombania. Kwanza zililetwa vuguvugu, karibu baridi, nami nikaomba zipashwe moto. Mama akakataa. Vyakula vyao vya mafuta ya zeituni hupikwa asubuhi na huachwa vitulie, na ukivila vya moto husikii kitu ila moto. Pili, hazikuwa na utelezi hata kidogo. Kwetu bamia bila utelezi ni bamia iliyokosa nini? Wao wanaukimbia. Hukata kile kikofia kwa kisu kidogo kwa kuzungusha, kama unachonga penseli, bila kutoboa ndani, halafu hunyunyizia siki na chumvi na kuzianika juani. Nilijua haya kwa sababu ndani ya miezi michache kisu kile kiliwekwa mkononi mwangu.

Waswahili tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe langu lilikuwa bakuli la bamia. Jumamosi moja sikuitwa kazini, nikapita mchana, na yule bibi wa mlangoni akasogeza kiti, akanionyesha kwa kidevu: kaa. Akanipa kisu. Nilitoboa za kwanza zote. Hakunisema. Alizitenga pembeni, akanishika mkono na kuniongoza. Kidole gumba chake kilikuwa kimepinda kwa miaka ya kazi hiyo, kigumu kama cha babu yangu.

Sikuweza kumpita mzee yule kila siku bila kumwamkia ipasavyo, na Kigiriki hakina neno la kumtosha, kwa hiyo nilimfundisha. Ningeinama mlangoni na kusema "Shikamoo, bibi," naye bila kuinua macho kwenye bakuli lake anajibu "Marahaba, pedi mu," yaani mwanangu. Wateja wapya walishangaa. Wazee wa mtaa walizoea.

Mambo mengi niliyojua kuhusu mtaa ule nilielezwa kwenye kiti kile. Kokkinia ulijengwa na wakimbizi. Mama yake bibi alitoka Smyrna, mji wa Anatolia, Uturuki ya leo, akiwa msichana, mwaka 1922, mji ulipoungua, na mwaka uliofuata mkataba wa Lausanne ukakamilisha: Wakristo wa Anatolia zaidi ya milioni moja wawe Ugiriki, Waislamu wa Ugiriki wapelekwe Uturuki. Walikuja na mabunda na mapishi. Ile bizari iliyonisimamisha barabarani ilitoka kwao. Ni vijimkate vya nyama vyenye umbo la yai refu, kitunguu saumu na bizari nyembamba, vinaiva ndani ya mchuzi wa nyanya, vinaitwa soutzoukakia. Bibi alisema wenyeji wa Athens waliwacheka wakimbizi kwa kupenda viungo. "Walituita waliobatizwa kwa maziwa ya mtindi," akasema, na hasira ya mama yake ilikuwa bado mbichi mdomoni mwake.

Mimi sili nguruwe, na soutzoukakia mara nyingi huchanganywa nyama mbili na kutiwa divai. Nilimweleza mama mapema. Hakuuliza kwa nini na hakutaka mahubiri. Kuanzia hapo sufuria ya Alhamisi ilikuwa ya nyama ya ng'ombe tupu, bila divai, na kila mara aliniita nione mwenyewe kabla haijafunikwa. Wapo wenzangu wasiokula nyama ya mchinjaji Mkristo na siwalaumu. Mimi nafuata waliotufundisha kwamba chakula cha Ahlul Kitabu ni halali kwetu. Lakini hata mwenye msimamo mkali angekula kwa raha kule wakati wa Kwaresima yao, maana wiki saba zile hawagusi nyama, maziwa wala mayai, na hata samaki ni kwa siku maalumu tu. Pweza na ngisi wanaruhusiwa, kwa kuwa hawana damu ya kuonekana. Baba alimtundika pweza kwenye kamba juani kabla ya kumweka kwenye mkaa, na nilipomwambia kwamba kwetu Tanga wanawake hufuata pweza kwenye miamba maji yanapokupwa na kumpondaponda mpaka alainike, alinyanyua mkono na kunionyesha jinsi baba yake alivyompiga pweza kwenye jiwe, mara arobaini, kwa kuhesabu.

Na mkate. Hakuna mkate uliotupwa pale. Salata ikiisha, yale maji ya nyanya na mafuta yanayobaki chini ya bakuli huchovywa mkate hadi bakuli ling'ae. Ukiacha, bibi atakuja mwenyewe kuchovya na kukuwekea mdomoni. Kipande kikianguka alikiokota, akakibusu, kama wazee wetu wanavyofanya. Alikuwa na miaka tisa hivi katika baridi ya 1941 kuingia 1942, chini ya Wajerumani, njaa ilipoua watu kwa maelfu Athens na Piraeus. Alitaja hilo mara moja tu, mikono ikiendelea kukata bamia, na mimi sikumwuliza zaidi.

Sasa nifike kwenye daftari.

Mwaka 2015 Ramadhani ilianza katikati ya Juni, siku ndefu kuliko zote. Tulifunga karibu saa 17, na wengine wetu tulifunga tukiwa ndani ya matangi ya meli na kinyago cha kuchomelea usoni. Msikiti rasmi Athens haukuwepo bado, tuliswali kwenye vyumba vya chini ya ardhi. Jua lilizama saa tatu kasoro dakika tisa usiku, saa ambayo Wagiriki wanaanza kukaa mezani. Basi mimi peke yangu katika mtaa ule sikuonekana nachelewa kula. Mama hakupata tende, akaniwekea tini kavu tatu na glasi ya maji, na kijana alisimama mlangoni na simu yake akinitazamia dakika.

Jumatatu tarehe 29 Juni benki zote hazikufunguliwa. Serikali na wakopeshaji wake hawakuelewana, na amri ikawa kila mtu atoe yuro 60 tu kwa siku kwenye mashine. Mistari ilizunguka kona. Wazee wa pensheni walilia hadharani. Mkandarasi niliyekuwa namfanyia kazi alituambia hana fedha taslimu za kutulipa, tusubiri. Alikuwa anatutaka tusubiri hata kabla ya benki kufungwa, lakini sasa alikuwa na sababu.

Siku ya nne nilikuwa na yuro saba. Nilipita mbele ya mgahawa bila kuingia. Nilivuka barabara kabisa, niende upande wa pili, nikitazama chini. Bibi aliniona. Aliita kwa sauti ambayo sikujua kama anayo, "Shikamoo!" akikosea, maana yeye ndiye mkubwa, na mtaa mzima ukageuka. Sikuwa na njia ila kurudi.

Nikamwambia mama ukweli, kwamba sina. Akajibu kwamba hakuna mtu aliye nazo, kaa. Ilikuwa supu ya maharage meupe, zeituni, mkate na kitunguu. Nilipomaliza alivuta kutoka nyuma ya mlango wa jiko kitabu chembamba cha jalada la buluu kilichofungwa kwa mpira, penseli imening'inia kwa uzi. "Tefteri," akasema.

Nilihisi baridi mgongoni. Neno lenyewe lilikuwa lile lile. Tefteri, daftari. Nilimsikia babu kama yuko nyuma ya kiti changu. Nikamwambia mama hapana, afadhali nisile. Hakuelewa. Alidhani naona aibu mbele ya watu, akafungua kurasa kunionyesha kwamba siko peke yangu: fundi bomba, mjane wa ghorofa ya pili, mwalimu, hata padri. Nusu ya mtaa ilikuwa mle. Bibi akaingilia. Mama yake, alisema, alilea watoto wanne kwa tefteri ya muuza duka, miaka kumi ya kwanza ya ukimbizi, na muuza duka yule hakuzikwa na mtu mmoja, alizikwa na Kokkinia.

Mama akaandika. Halafu alifanya jambo ambalo hajui mpaka leo kwamba alinifanyia. Aligeuza daftari, akalisukuma juu ya karatasi ya meza mpaka likawa limenielekea mimi, akaniwekea kidole kwenye mstari: tarehe, supu, yuro nne. Zeituni na tini hakuziandika. "Soma," akasema. "Ni sawa?"

Daftari la babu halikuwahi kugeuzwa. Miaka yote ile alilitazama likiwa limempa mgongo.

Nilisoma, nikasema ni sawa, na nikaona pia kilichoandikwa juu ya mstari wangu. Pale penye jina palikuwa na neno "mavros." Mweusi. Kila mtu mle alikuwa na lakabu, na najua halikuwa tusi kwake, kama vile "mjane wa ghorofa ya pili" halikuwa tusi. Lakini niliishika ile penseli na sikuiachia. Nikamwambia kwamba hilo ndilo neno ninaloitwa na askari wanaponisimamisha kukagua karatasi zangu, na kwamba sitaki kulikuta mahali ninapofuturu. Nilisema kwa sarufi mbaya, na mikono ilikuwa inatetemeka.

Kijana alinyamaza. Baba aliweka koleo chini. Mama alinitazama, akashika kifutio, akafuta mpaka karatasi ikakonda, akaniuliza jina langu. Miaka miwili nilikuwa "mwanangu" na "rafiki", hakuna aliyeliuliza. Nikalitamka polepole. Akaliandika kwa herufi zao, akakosea, kijana akasahihisha, akaandika tena. Kisha akaniuliza la baba yangu, kwa sababu kwao karatasi ya heshima huandikwa na jina la baba, akaliongeza.

Nilikula mle siku zote zilizobaki za Ramadhani. Tarehe 5 Julai walipiga kura ya maoni, asilimia 61 wakasema hapana kwa masharti ya wakopeshaji, na usiku ule meza zilipiga kelele mpaka saa nane, baba na mwanawe wakikatana maneno juu ya sahani za uono wa kukaanga wanaowala na vichwa vyao kama sisi. Benki zilifunguliwa tarehe 20, siku tatu baada ya Idi. Mkandarasi alinilipa nusu mwishoni mwa Agosti, na ile nusu ya pili sijaiona hadi leo. Deni langu lilikuwa yuro 143. Nilipeleka 80, kisha 63 mwezi uliofuata. Kila mara daftari liligeuzwa, nikaambiwa nisome, na mstari ukakatwa nikiona.

Yule kijana ndiye aliyenipa habari ya neno lenyewe. Aliitafuta kwa sababu nilimsumbua. Zamani sana Wagiriki walikuwa na neno diphthera, ngozi iliyotayarishwa, na watu waliandika juu ya ngozi. Waajemi wakalichukua, Waarabu wakalichukua, likawa daftar. Kutoka kwa Waarabu likafika kwetu pwani. Kutoka kwa Waturuki likarudi kwa Wagiriki wenyewe likiwa tefteri, wasilitambue tena. Nilimpigia simu mama yangu Tanga siku ile ile kumweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na deni umelimaliza?"

Bibi alifariki majira ya baridi ya 2019. Nilibeba jeneza pamoja na fundi bomba. Machi mwaka uliofuata migahawa yote ilifungwa kwa sababu ya ugonjwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena Novemba, na kwa miezi mingi mama alipika kwa ajili ya kupeleka majumbani tu. Nilikuwa napanda ngazi na vyombo vya wazee wa mtaa jioni baada ya kazi, na mjane wa ghorofa ya pili aliniteremshia sarafu kwenye kikapu chenye kamba.

Ruhusa ya kuweka meza nje ilikuja tarehe 3 Mei 2021, siku moja baada ya Pasaka yao, nasi tuko ndani ya Ramadhani. Tulipanga viti chini ya mforsadi, matunda yameanza kudondoka na kuchafua karatasi za meza. Saa mbili na dakika ishirini nilikula tini zangu. Kijana mmoja alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, begi mgongoni, anatazama sahani na kugeuza uso, anatazama tena. Nilisikia akiongea na simu na nikaijua lugha: Kiswahili cha Kivu, kile cha kusema "minakuya" pale sisi tunaposema nakuja. Nikamwita, "Ndugu, vuka." Alisita jinsi nilivyosita mimi. Alikuwa ametoka Bukavu, amepita visiwani, amefika Piraeus juzi kwa meli.

Alikula maharage, akachovya mkate hadi bakuli likang'aa bila kufundishwa. Kisha akaingiza mkono mfukoni na uso ukabadilika. Mama alikuwa ameshaona. Akavuta daftari nyuma ya mlango, si lile la buluu, la nne au la tano sasa, akalifungua ukurasa mpya, akasita, akanisukumia mimi na penseli yake.

"Andika wewe," akasema. "Mimi nitakosea."

Nikaligeuza kumwelekea yule kijana, nikamwuliza jina lake, na la baba yake.